Uso Upande wa Ng'ambo

Kijijini kwetu, karibu na Golbanti, hatukuwa na bafu. Tulioga mtoni, wanaume upande wao na wanawake upande wetu, penye maji mafupi tulipozungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mamba. Ukuta wetu ulikuwa huo tu, na aliyezuiwa alikuwa mamba. Binadamu hakuhitaji kuzuiwa. Mwenye mtumbwi akikaribia kona alipaza sauti, "Napita!" Nasi tukajibu, "Pita." Basi aligeuza uso akatazama ng'ambo, akapiga kasia hivyo hivyo mpaka atuache nyuma.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenilea na ndiye aliyenizoesha pale. Alikuwa na mdomo, na mtoni ndiko ulikofunguka. Aliwasugua wenzake migongo huku akiwasema waume zao, tunacheka mpaka tunameza maji. Hata baada ya mimi kuhamia Garsen na kufungua duka la nguo, kila nikirudi tulianzia mtoni, salamu za wengine baadaye.

Mwaka juzi akaja kijana mgeni, mmoja wa wale wanaozunguka kutafuta picha za kuweka mtandaoni. Alimkodi jirani yetu amtembeze mtoni kwa mtumbwi. Jirani akafanya kama alivyofunzwa na baba yake: akapaza sauti, akajibiwa, akageuza uso. Na kwa kuwa aligeuza uso, hakumwona abiria wake aliyekaa mbele akiinua simu.

Video ilinifikia dukani siku hiyo hiyo, kwenye kundi letu la ukoo. Mtu alikuwa ameuliza, "Huyu anayeoga si mama yenu mkubwa?" Niliifuta bila kuifungua, nikabaki nasoma mabishano. Binamu yangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, aliandika kwamba mto ni mahali pa umma, asiyetaka kuonwa aoge ndani kwake. Niliitupa simu mezani. Mto ni wa watu wote, nani hajui? Ndiyo maana pale tulihitaji adabu. Nyumbani kwako adabu ya nini, na mlango unao?

Jirani alikwenda kwa mama mkubwa, akakaa chini akalia.

"Nilikuwa naangalia kule, mama," alimwambia.

"Najua. Ulifanya sawa."

Hakumlaumu hata kidogo. Yule mgeni alipigiwa simu, akaomba radhi, akaiondoa video yake. Lakini ilikuwa imeshatoka mikononi mwake, iko kwa watu ambao hata yeye hawajui.

Mwanawe mama mkubwa akajenga bafu la mabati nyuma ya nyumba, akalitia komeo kwa ndani. Ni bafu zuri, sina la kulisema. Wenzake mama mkubwa walimpitia asubuhi wakienda mtoni, akawaambia watangulie, hata wakaacha kumpitia. Siku moja alikuja kwangu Garsen kununua leso. Tulipopita sokoni, kila mwanamume alipoinua simu, hata awe anapiga hesabu ya vitunguu, mama mkubwa alijivutia leso usoni. Ule mdomo wote alirudi nao nyumbani bila kuufungua. Iliniuma, na inaniuma bado.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Nilimkuta uani, ndoo ya maji jikoni inapata moto. Nikamwambia, "Mama, twende mtoni, mimi na wewe tu."

"Nenda wewe."

Nikaona nimwambie lile nililokuwa nalo moyoni tangu siku ile. "Ile video mimi sikuiona. Niliifuta."

"Wote wananiambia hivyo."

"Mimi ni mwanao."

"Ni mwanangu, ndiyo. Lakini zamani mtu akigeuza uso, nilikuwa naiona shingo yake. Kwako wewe nimeona nini?"

Nilikuwa nimegeuza uso kweli, kama watu wetu walivyofanya siku zote, na haikumfaa kitu.

Maji yalikuwa tayari. Akaipua ndoo, akachukua sabuni. Mimi niliyesuguliwa mgongo na mikono ile tangu sijajua kusema, aliniomba kwa upole niende nikamsubiri kule barabarani mpaka amalize kuoga.