Mikato mitatu juu ya mkate

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Tanuri anaingiza mkono mtupu kwenye mdomo wa tanuri lake la matofali na kuhesabu kwa sauti. Akifika nane mkono ungali ndani, moto bado. Leo anaruka nyuma kwenye tano. "Tayari! Leteni!"

Wifi yake, mdogo wa marehemu mumewe, analeta madonge yaliyoumuka vizuri. Kila donge Mama Tanuri analichanja kwa wembe mara tatu, chap chap chap, kisha analisukuma ndani. Mikato hiyo ndiyo iliyowatoa jasho wanasiasa wa mtaa huu.

Kila mkato ni mara moja tanuri lilipoanguka. "La kwanza nililijenga kwa udongo mbichi, papara zangu. La pili mvua. La tatu," anamwangulia kicheko mwandishi wa gazeti aliyekuja kumhoji, "muulize aliyeliegemea."

"Nilikuwa nimechoka mie!" wifi anajitetea.

Alianza miaka sita iliyopita na mikate thelathini kwa siku. Mwaka wa tatu bei ya unga ikapanda maradufu, wasaidizi wakaondoka mmoja mmoja, na kwa miezi minne mawifi hao walikanda peke yao hadi mabega yakagoma kuinuka. Leo wanaoka mia tano, na wanaokula kwa kazi hii ni watu saba na familia zao.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa chama tawala hapo mtaani alifika na oda ya mikate elfu mbili kwa ajili ya mkutano wa kampeni. Faida yake ingetosha kujenga tanuri la pili. Sharti lilikuwa moja: mikato iondoke, pachorwe alama ya chama.

"Uchumi umekua mikononi mwetu, mama. Wananchi waone matunda."

Mama Tanuri alipangusa unga mikononi. "Lami mmeleta, mwenyekiti, asanteni, hilo nitalisema popote. Lakini unga ulipopanda si mliniambia ni mambo ya dunia? Sasa yamenyooka, dunia imekwenda likizo?"

Mwenyekiti akaondoka na oda yake. Wifi alilia waziwazi, maana tanuri la pili walishalipimia mahali nyuma ya nyumba.

Kesho yake akaja mgombea wa upinzani na mpiga picha, akitaka mama aseme serikali imemfilisi.

"Nimefilisika vipi, baba, na moto unawaka hivi? Hebu sogea, utaunguza nyusi."

Naye akaondoka mikono mitupu. Wifi akauliza kama kuna mtu mwingine wa kufukuza, au sasa wanaweza kukanda.

Siku tatu kabla ya mkutano, mwenyekiti alirudi, safari hii kapoa. Waokaji wengine wa mtaa wanatumia umeme, na wiki hiyo umeme ulikuwa wa mgao. Alisimama mlangoni akikunja kofia yake ya chama. "Oka unavyooka, mama."

Ee, walioka! Watu saba, zamu mbili, kuni mkokoteni mzima. Upinzani nao wakasikia, wakaagiza mia nane. Jumamosi hiyo mikutano miwili ya vyama hasimu ilitafuna mikate ya tanuri moja, yote ina mikato mitatu, na wifi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Matofali ya tanuri la pili yamekwishapangwa nyuma ya nyumba. Mama Tanuri analipiga kofi tofali la juu, kama anayejaribu bega la ng'ombe.

"Tanuri likisimama, sifa nachukua mimi na hawa wenzangu. Likianguka, nachanja mkato wa nne, kila mnunuzi auone." Anamkabidhi mwandishi mkate wa moto. "Chama nacho kichanje mikato yake, hadharani, kama mimi. Siku hiyo nitakisifu kwa mdomo wangu wote."