Sehemu ya Mtoto

Nina wivu. Naanza na hilo ili mbele ya safari nisije nikaonekana mwongo. Wengine huzeeka wakapoa. Mimi nimezeeka, nina wajukuu, na hadi leo mtu akimsifia mdogo wangu kwa kuimba, tonge linanikwama kooni.

Mdogo wangu ni binti wa mama mdogo, mke wa pili wa baba. Tumepishana miezi saba. Tulikulia kijiji kimoja cha Ujamaa upande wa Ilongero, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule, na mashamba yetu ya uwele tumeyaacha kule kwenye mahame, makazi yetu ya zamani, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti wa kijiji. Kila Jumamosi alasiri aliiweka dirishani, betri zake zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu, nasi tukakaa chini kusikiliza mchezo wa kuigiza. Haukuwa mchezo wa maneno matupu. Watu waligombana kwa nyimbo, wakaposana kwa nyimbo, wakazikana kwa nyimbo. Mle ndani kulikuwa na mwanamke aliyeigiza mama anayemwacha mwanawe kwa bibi na kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Akianza kuimba, nilisahau kwamba nina mama yangu mwenyewe. Nilimpenda kwa namna ambayo sikutaka mtu mwingine ampende. Wenzangu wakisema shuleni, "Yule mama anajua kuimba," niliona wananiibia.

Uwele ukianza kukomaa, kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Asubuhi walikwenda mama zetu, alasiri tulikwenda sisi kwa zamu, na Jumapili tulikwenda wote wawili. Unapanda juu ya ulingo, kitanda cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba, una kombeo na mabonge ya udongo, unapiga kelele mpaka kwelea waende kulala. Kelele yoyote inafaa. Mimi nilipiga kelele kwa nyimbo za yule mama. Ulingo ndio ulikuwa jukwaa langu, na sikumbuki ndege aliyelalamika.

Jumapili, mdogo wangu nilimpa sehemu ya mtoto, yule anayemjibu mama yake mistari minne tu ya mwisho. Sehemu ya mama sikumpa hata siku moja. Aliniomba mara nyingi. Nilimwambia sauti yake ni nyembamba mno, atawachekesha kwelea. Lakini ile mistari minne nilimfundisha mimi, na hilo naomba likumbukwe.

Mwaka mmoja, mwalimu mkuu alitutangazia kwamba wasanii wa mchezo ule wanazunguka vijijini na Alhamisi alasiri watacheza kwenye uwanja wa shule yetu. Hawakusafiri na mtoto. Kila kijiji waliazima mtoto mmoja anayezijua nyimbo. Mwalimu akanichagua mimi na mdogo wangu, tukapimwe.

Jumatano lori lao likafika. Tukampeleka mwalimu mbiombio, yeye akidhani anatupeleka sisi. Yule mama alikuwa nyuma ya darasa, amekaa juu ya sanduku la ngoma, miguu yote miwili ndani ya karai la maji ya moto. Alikuwa mfupi. Kichwani mwangu nilikuwa nimemjenga mrefu, lakini nilimsamehe papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Nani anaanza?"

Nilianza mimi, nani mwingine? Nikaimba sehemu yake yote, pamoja na kile kituo kidogo alichokiweka kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayemeza mate. Alicheka hadi akapiga makofi.

"Jamani, huyu ni mimi mtupu! Haya, sasa niimbie ya mtoto."

Nikaimba. Ikatoka ile ile sauti ya mwanamke aliyefiwa. Sikuwahi kuiimba sehemu ile ila kwa kumfundisha mdogo wangu. Niliona ni ndogo, nikaigawa. Kisha mdogo wangu akaimba mistari yake minne, kwa ile sauti yake nyembamba, macho chini. Yule mama akaitoa miguu kwenye karai.

"Wewe mwanangu unaimba kama mimi," akaniambia, "na mimi nipo. Ninayemtafuta ni mtoto."

Asante ya punda, mateke. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mdogo wangu njiani, ingawa aliyenipiga teke hakuwa yeye.

Nyumbani ikajulikana kwamba Alhamisi ni zamu yake ya ulingo. Baba alikuwa na sheria moja: zamu haibadilishwi bila mwenzako kukubali, na shamba haliachwi, maana kundi la kwelea likishuka, mnakula mlenda mtupu mwaka mzima. Mdogo wangu alinifuata jikoni.

"Dada, nishikie zamu. Nitakushikia wiki nzima."

"Zamu ni zamu."

"Dada, nakuomba."

"Kamwombe mama yako wa kwenye karai."

Akalia. Nikamwangalia akilia na nikajisikia vizuri, sitaficha. Baba alipoulizwa akasema mwenye zamu anajulikana. Nikajua nimeshinda. Ndipo mama mdogo, aliyekuwa anasonga ugali muda wote huo bila kuniangalia, akasema, "Nitakwenda mimi." Alikuwa hajawahi kuona mchezo wowote maishani mwake, na Jumamosi dirishani kwa mwenyekiti yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Wala hilo halikunilainisha.

Alhamisi nilikaa mbele kabisa, nimenuna. Yule mama alipotoka, amejifunga kitenge, bado mfupi, nikasikia sauti ile ikitoka kwa mtu mwenye shingo na jasho, mwili ukanisisimka. Kwa muda kidogo nilikuwa na furaha. Kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wangu kumuaga, na mdogo wangu akamjibu.

Halafu bibi mmoja, jirani yetu, akainuka na kumwita yule mtoto kwa Kinyaturu, kwamba asilie, aje kwake, ng'ombe wa maziwa yupo na pa kulala papo. Alikuwa anamjua mdogo wangu tangu anazaliwa. Alijua anako kwao. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengi walikuwa wanafuta machozi. Wanawake wakaanza kwenda mbele kutuza, na wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi, ambaye na mama mdogo walikuwa hawaazimani hata chumvi. Alivua khanga yake begani akamfunika nayo mdogo wangu. Yule mama wa redioni akawakumbatia wote wawili.

Niliiangalia ile mikono. Nilitamani mvua inyeshe, jukwaa lianguke, mdogo wangu apaliwe. Wimbo wa mwisho sikuungoja. Nilitoka nikashika njia ya mashambani, kwa kuwa huko ndiko kusikokuwa na mtu wa kumsifia.

Lakini jua lilikuwa linazama na mama mdogo alikuwa anarudi. Alikuja karibu anakimbia, miguu myeupe kwa vumbi, kombeo shingoni, sauti imemkauka kwa kuwafukuza kwelea.

"Aliimbaje mwanangu?"

"Alisahau maneno," nikasema. "Watu walimcheka."

Akasimama. Nilingoja anikasirikie. Badala yake akanishika mkono.

"Basi heri ungeenda wewe," akasema. "Wewe unayajua yote. Walikosea. Ila tukifika usimtanie, mwanangu, atakuwa na aibu."

Siku mbili nzima nilikuwa natamani mtu mmoja tu aniambie kwamba walikosea. Nikaambiwa, tena na yeye. Tukatembea hivyo, ameushika mkono wangu, mpaka nyumba za kwanza.

Huko walikuwa wanatungoja. Wanawake wakampokea kwa vigelegele, wakamwita mama wa mwimbaji, na mdogo wangu akaja mbio, khanga ya mama yangu inaburuta chini. Mama mdogo alimkumbatia, akaitazama ile khanga, akanitazama mimi. Alingoja watawanyike, akanipeleka nyuma ya ghala la uwele.

"Haya," akasema. "Niambie tena. Aliimbaje?"

Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata.

"Alinishinda," nikasema.

Akakaa chini, kombeo bado shingoni, akaniambia nianze mwanzo, nisiruke kitu. Nikamweleza yote, magoti ya yule mama, yule bibi na ng'ombe wake, ile mistari minne, yote aliyoyakosa kwa sababu yangu. Alisikiliza huku analia na kutabasamu, na mimi niliyekuwa namsimulia, wivu haukunitoka hata kidogo.