Tarehe Si Sahihi

Simu ya sista, muuguzi wa Bwera, iliingia kabla sijamaliza chai, kama asubuhi nyingi za mwaka ule. Mimi nilikaa Kasese, kwenye chumba cha nyuma cha kliniki kuu, ukuta mmoja na maabara, nikitunza programu iliyopeleka majibu ya vipimo vya damu kwenye tawi letu la Bwera. Sikuianzisha mimi. Aliyeiandika alipata kazi Kampala, akaniachia mafaili mengi na maelezo machache. Maandishi yote ya skrini yalikuwa ya Kiswahili, maana Bwera iko mpakani na baadhi ya wauguzi wa pale walisomea Kongo, kwa Kifaransa, bila Kiingereza.

"Injinia, mashini imekataa," sista alisema.

"Imesema nini?"

"Iko nasema kuna kosa."

"Kosa gani, sista? Nisomee."

"Nimeshafunga. Watu beko wengi hapa. Ikikuja tena nitakuita."

Siku alizobahatika kunisomea, sikupata nafuu. "Haipatikani." Nini hakipatikani? "Muda umeisha." Muda wa kufanya nini? Nilikuwa nashika kichwa, kisha naanza kusoma programu kutoka juu hadi chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia kwenye majani.

Katika lugha ninayoandikia, kosa halijitokezi lenyewe kwenye skrini. Kipande kidogo cha programu kikishindwa kazi yake, kinalikabidhi kosa kwa kipande kilichokituma, nacho kinalikabidhi kwa kilicho juu yake, mpaka limfikie mtu. Kila kipande kinaweza kuongeza maneno kidogo: nilikuwa najaribu kufanya hiki, kwa ajili ya sampuli ile. Au kinaweza kulipitisha lilivyo. Mwenzangu wa Kampala alikuwa amelipitisha lilivyo, kila mahali. Kufika Bwera, kosa lilikuwa limebaki neno tupu.

Mwenye kliniki alichoka kusikia malalamiko, akaniambia niende nikakae na sista siku nzima nijionee mwenyewe. Nilikwenda siku ya soko la Mpondwe, pale mpakani. Barabara ya mbugani ilikuwa na joto, nikasinzia mpaka Bwera.

Sista alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kuitia mtu aliye ng'ambo ya mto. Alinipa kiti pembeni yake. Tulihudumia watu kadhaa bila tatizo, nikaanza kufikiri nimekuja bure. Kisha akaingia mama mmoja kutoka upande wa Kongo, na mtoto mdogo mgongoni. Macho ya mtoto yalikuwa na umanjano, na vidole vimevimba. Sista aliandika namba ya sampuli, akangoja, akaangalia skrini, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Tarehe haiko sahihi. Ukuje siku ya soko ingine."

Mama hakubishana. Alianza kukaza kitenge cha mgongoni ili aondoke. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Sista, umemwambia nini?"

"Si mimi. Soma mwenyewe." Akanigeuzia skrini. Palikuwa pameandikwa maneno matatu: tarehe si sahihi. "Majibu yake haiko ya leo."

"Na mara iliyopita?"

"Vilevile. Nikamwambia arudi."

"Nakuja, narudi," mama alisema taratibu, kama anayemsaidia sista kueleza. "Kila soko tarehe iko mubaya."

Sikuweza kumlaumu sista. Maneno yale alikuwa ameyasoma kama ambavyo mtu yeyote angeyasoma. Nilipiga simu maabara Kasese. Majibu yalikuwepo, tena yalikuwa tayari tangu zamani. Nikampa sista simu, maana hayakunihusu mimi. Alisikiliza, akashukuru, akampeleka mama chumba cha ndani. Mlango wa pale ulikuwa pazia tu.

"Itaisha?" nilimsikia mama akiuliza.

"Haiishi," sista alijibu, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Ni ugonjwa wa damu, alizaliwa nayo. Lakini dawa iko, na kuna vile tutamuchunga. Kaa nikufundishe."

Mimi nilifungua kompyuta yangu ili nipate kitu cha kufanya. Haikuchukua muda, kwa kuwa sasa nilijua sampuli ipi. Siku damu ilipotolewa, nafasi ya tarehe ya kuzaliwa iliachwa wazi. Kipande kinachosoma tarehe kilikuta pako tupu, kikalalamika, na lalamiko likapandishwa hadi kwenye skrini bila mtu kuliongezea ni tarehe gani.

Walipotoka, macho ya mama yalikuwa mekundu, lakini alisimama mbele yangu.

"Wewe ndiye wa mashini?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa tarehe imekuwa sahihi?"

"Haikuwa tarehe ya kuja, mama. Ni ya kuzaliwa kwa mtoto. Haikuandikwa."

"Mungeniuliza," alisema. "Siku yenyewe sijui. Mwezi najua."

Alitaja mwezi na mwaka, nikaiandika pale pale. Sista alimfungia dawa, akamsindikiza hadi barabarani.

Kazi iliyofuata sina cha kujisifia. Nilirudi Kasese nikaanza kipande kimoja baada ya kingine, kila mahali kosa linapokabidhiwa, nikaandika lilikuwa likifanyika nini. Ni kazi ya kuchosha. Huongezi uwezo wowote, unaandika tu maneno ambayo unaomba yasisomwe kamwe. Mara ya kwanza niliyaandika vibaya. Kila kipande nilikiandikia "imeshindwa", na sista akanipigia akasoma bila kupumua: "Imeshindwa kuonyesha, imeshindwa kusoma, imeshindwa kufungua, imeshindwa... Injinia, hii kitu iko inalia?" Tulicheka sote, ila nilirudi nikafuta neno hilo kila mahali. Kila mtu anajua tayari kwamba imeshindwa. Aliniomba pia niweke jina la mgonjwa. Nikakataa, kwa sababu skrini yake inatazama benchi la wanaongoja. Tukakubaliana namba ya sampuli inatosha.

Nilipomaliza, mwenye kliniki alipita chumbani kwangu.

"Umeongeza nini?"

"Maneno," nikamwambia.

"Maneno tu? Wiki zote hizo?"

"Maneno tu."

Aliguna akaenda zake.

Sista alipiga tena baadaye, asubuhi ya mvua. Nilijitayarisha kushika kichwa tena. Akasoma polepole: "Kuonyesha majibu ya sampuli hii, kusoma rekodi kutoka maabara, tarehe ya kuzaliwa haikujazwa."

"Unataka niangalie?" nikamuuliza.

"Hapana. Mama yake mutoto iko hapa mbele yangu. Namuuliza mwenyewe. Nimekuita tu kukusalimia."

Alimgeukia mama huyo bila kukata simu. Nilimsikia akiuliza, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikimjibu, na mtoto akikohoa. Nikaweka simu chini. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mafaili ya programu ya pili aliyoniachia mwenzangu wa Kampala, ile ya duka la dawa la kliniki, yalikuwa bado yananisubiri yakiwa kama yalivyoachwa. Nilifungua la kwanza.