Ufagio wa Jumatatu

Nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, Nairobi, ina vyumba viwili na sakafu ya saruji nyekundu, na hiyo sakafu ndiyo fahari yangu. Baba alikuwa mtu wa reli, mama mtu wa kanisa na wa usafi. Walipotangulia waliniachia funguo, cherehani na tabia moja: mgeni akitoka, kabla hajafika kwenye kona, mimi nimeshashika ndoo. Sijui kuketi na uchungu, najua kupiga deki. Mama alikuwa hivyo hivyo na sioni la kuomba radhi.

Humo ndimo alimoletwa wifi yangu kutoka Urusi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikwenda huko kusomea uhandisi akiwa kijana mwembamba, akarudi ana kitambi na mke. Alinipigia simu akasema watakaa kwangu miezi mitatu tu, watafute kwao. Miezi mitatu ikawa miaka minne. Yeye mwenyewe kazi yake ya barabara ikamvuta upande wa Kitui, akawa anakuja Jumamosi na kuondoka Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo tuliobaki ndani ni mimi, wifi na cherehani.

Siku ya kwanza tulianza vibaya. Mimi nilikuwa nimesimama ndani, yeye yuko nje, na majirani wa safu nzima wametoka kumtazama mzungu. Nikamnyooshea mkono. Akaurudisha wake nyuma ya mgongo, akatikisa kichwa, wala hakutabasamu. Mdogo wangu akasema haraka, "Dada, kwao watu hawasalimiani juu ya kizingiti. Ngoja aingie." Akaingia kweli, akavua viatu, akanikumbatia kwa mikono miwili na kunibana. Lakini mimi moyo ulikuwa umeshafunga, na nikiufunga mimi, ufunguo hupotea.

Nilimhesabia makosa. Vijana wa kinyozi walimsalimu kimtaani, "Niaje, madhee," naye akawatazama kama karani aliyeombwa fomu asiyokuwa nayo. Baadaye aliniambia kwao mtu hamchekei asiyemjua, atadhaniwa ana kasoro. Nikamwambia hapa usipocheka watasema unaringa. Akafikiri, halafu kesho yake akaenda dukani akiwa amekenua meno yote, mpaka mwenye duka akamuuliza kama jino linamuuma.

Kisha kulikuwa na ile siku ya akina mama wa kanisani. Walikuja tisa, nami nilichelewa sokoni. Kufika, nawakuta wameketi kimya kila mmoja na kikombe cha chai ya rangi, na katikati ya meza kuna mkebe wa jemu na vijiko. Jamani, kwetu magharibi mwa Kenya mgeni humpi chai bila maziwa ila kama unataka aelewe kwamba asirudi. Na maziwa yalikuwepo, pakiti tatu. Wifi alikuwa amewapa chai ya heshima ya kwao, nyeusi, na jemu ya kulamba kwa kijiko kila unapopiga funda. Mwenyekiti wao, mama mzito wa Vihiga, alikuwa amekishika kijiko kama dawa. Niliona aibu mpaka masikioni. Lakini walipokuwa wanaondoka, yule mwenyekiti aliniinamia akaniuliza ile jemu ni ya matunda gani.

Baridi ya Julai ilimshinda, na hilo lilinishangaza. Mimi nilidhani mtu wa theluji atatembea kifua wazi. Akawa anavaa sweta mbili ndani ya nyumba na kuzivua akitoka nje. Nilipomcheka aliniambia, "Wifi, kwetu baridi inakaa nje. Ninyi mnaikaribisha ndani, mnaipa kiti." Nilimshonea koti la ndani kutokana na blanketi ya mama, la kijivu, nikamtupia kitandani bila kusema kitu.

Sasa nikiikumbuka miaka ile, naiona kama alasiri moja ndefu. Pazia linajaa upepo na kushuka. Mimi napiga cherehani, yeye anamenya minji, punje za kijani zikidondoka kwenye sufuria, na nje nguo za majirani zinapepea kwenye kamba. Anasimulia polepole, akitafuta maneno, jinsi mto wa kwao unavyoganda hadi watu wanatembea juu yake na mbwa wao, wengine wanatoboa shimo na kuvua samaki, na chini ya miguu unaweza kusikia maji yakiendelea na safari yake. Mguu wangu kwenye cherehani ulikuwa unapunguza mwendo bila mimi kujua. Usiku wa siku ile na wa nyingine nyingi niliota mto wetu mchafu wa Mathare umeganda, mweupe, safi kabisa, na mama yangu anauvuka na Biblia yake kwapani, haharakishi. Niliamka nikimtamani mama na nikimtamani huyu mwingine aamke aniambie zaidi. Sikumwambia. Sikuwa na desturi ya kusema mambo kama hayo.

Jambo moja tu liliendelea kunichoma, nalo ni Jumatatu. Mdogo wangu akishafunga begi, wifi alituketisha sote, ndiyo desturi ya kwao kabla ya safari. Hata awe amechelewa vipi, tulikaa pale sebuleni, hakuna kuongea, kama dakika nzima, kisha anainuka anasema, "Haya, na Mungu." Mwanzoni nilikuwa nanung'unika kwamba gari litamwacha. Baadaye niliipenda ile dakika, nilikuwa nasikia saa ya ukutani na pumzi zetu tatu. Lakini mdogo wangu akishatoka, mimi natafuta ufagio, haupo. Natafuta kitambaa cha deki, hakipo. Ndoo nayo imejazwa nguo za kuloweka. Saa saba, saa nane, ufagio unaonekana umeegemea ukuta wa nyuma, kana kwamba haujatembea. Nilijua ni yeye. Niliamua ni uvivu, au ni dharau: hataki nisafishe nyumba yangu mwenyewe. Ningemuuliza, ningejibiwa kwa maneno matano. Sikumuuliza miaka minne. Kiburi changu hicho ndicho nilichokuja kukilipia.

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, mama yake akaanguka kule kwao. Kiharusi. Wifi alikuwa mtoto pekee, hakuna wa kumgeuza yule mzee kitandani. Tiketi ikapatikana ya kwenda. Ya kurudi haikukatwa, maana nani angejua siku. Jirani wa mlango wa pili aliniambia wakati tunaanika nguo, "Huyo akienda ndiyo amekwenda hivyo. Hana mtoto hapa, bwana yuko barabarani, arudi kufuata nini? Mboga ya sukuma wiki?" Nikamwambia aangalie shuka zake zinagusa matope. Lakini maneno yaliniingia. Usiku nilikaa najiuliza arudi kufuata nini kweli, na jibu sikulipenda, kwa sababu nilitaka liwe mimi na nilijua sijawahi kumwonyesha.

Siku ya safari tuliketi, sote watatu, mizigo mlangoni. Dakika ile ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilikuwa na la kumwambia. Lilikuwa fupi: urudi. Nikahesabu mizigo badala yake. Akainuka, akasema "Haya, na Mungu," akanibana kwa ile mikono yake miwili, wakatoka na mdogo wangu kufuata teksi iliyosimama barabarani.

Nami nikabaki katikati ya chumba na ule uchungu. Ufagio safari hii ulikuwa mahali pake. Mwenye kuuficha ndiye aliyekuwa anasafiri. Nikafagia. Nikateka maji, nikapiga magoti, nikapiga deki kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, machozi yananichuruzika na kuchanganyika na maji ya sabuni, na wala sikuyafuta kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona.

Mlango ukafunguka. Wifi alikuwa amesahau lile koti la kijivu. Alisimama pale nje ya kizingiti, akaitazama sakafu inayong'aa, akatazama ndoo, akanitazama mimi. Uso wote ulimpauka. Mimi nikageuza kichwa upande, nisionekane nimelia, na yeye bila shaka aliona nimempa kisogo.

"Wifi," alisema taratibu, "hata sijafika kwenye gari."

Nikamjibu, kwa sauti ya ukali ambayo sijui hata niliitoa wapi, "Pita tu, patakauka." Akapita kwenye ncha za vidole kando ya ukuta, akachukua koti, akajitazama kwenye kioo kilicho juu ya kabati, desturi yao nyingine kwa anayerudia alichosahau, akatoka. Hakusema "Haya, na Mungu."

Mdogo wangu alirudi kutoka uwanja wa ndege saa tisa. Hakuketi. "Dada, ulimpigia deki?"

"Nilisafisha nyumba. Kuna ubaya?"

"Kwao mtu akisafiri, nyumba haifagiwi wala haioshwi mpaka ihakikishwe amefika. Ukifanya hivyo unamfutia njia ya kurudi. Ulidhani ufagio ulikuwa unaenda wapi kila Jumatatu?" Akaitazama sakafu. "Alikuwa analinda nirudi. Njia nzima leo amelia. Anasema, dada yako ameona afadhali nisirudi."

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Miaka minne nilikuwa nasema uvivu.

Basi akafika kule, tukapata habari, na baada ya hapo zikawa ni salamu tu. Anazungumza na mumewe, mwishoni anasema "msalimie dada." Krismasi ikapita. Mara nyingi nilishika simu nikaandika samahani, nikaitazama, nikaifuta. Neno lenyewe lilionekana dogo. Na nilihisi hata kufuta nako kunaniongezea kosa.

Mvua za masika zilipoanza, uwanja wetu ukawa udongo mweusi ule wa Eastlands unaong'ang'ania kiatu kama mtoto. Asubuhi moja nilikuwa nafagia chini ya kitanda chake nikakutana na ndara zake, patipati za buluu. Nilizishika kitambo. Halafu nikatoka nazo nje, nikazikanyagisha kwenye tope, na kwa kuwa hazikunitosha miguuni, nikazivaa mikononi, nikapiga magoti na kuanza kutembea nazo juu ya sakafu yangu. Mimi, kwenye ile sakafu nyekundu niliyoipaka nta siku mbili kabla. Goti la miaka hamsini na sita lililia, sikulisikiliza. Nilikwenda hivyo kutoka mlangoni hadi kitandani kwake, na nilipoinuka kutazama, nikaona balaa: nilikuwa natambaa kinyumenyume. Nyayo zote zilielekea nje.

Kuzifuta siwezi, kufuta ndiko kulikotuletea haya. Nikaketi nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma. Nikachovya upya, nikazipiga nyingine pembeni ya zile, safari hii zikielekea ndani. Ikawa ametoka, na ikawa amerudi. Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia. Chini yake nikaandika: "Sikujua. Nilikuwa nalia. Urudi."

Siku nzima kimya. Kesho yake, napika uji, simu ikalia.

"Wifi, mguu wa kushoto umeuweka kulia," alikuwa ameandika. Kisha ukaja ujumbe wa pili: "Usifute."

Sikufuta. Akina mama wa kanisani walikuja wakaruka zile nyayo kama mitaro, mwenyekiti akaniuliza kama niko salama. Nilimwambia nyumba ina msafiri. Nilifagia kando kando, nikapaka nta kando kando. Mwezi wa Juni mama yake wifi akafariki, na mdogo wangu akapunguza maneno, maana sasa kule kulikuwa na nyumba ya wifi mwenyewe, yenye joto, na hakuna wa kumwita arudi ila sisi. Sikuthubutu kumuuliza. Kila asubuhi nilikuwa naangalia kama udongo umeanza kubanduka, na uliobanduka nilikuwa naurudishia kwa kidole na mate.

Alikuja mwezi wa Agosti, saa nne asubuhi. Nilisikia teksi, nikasikia vijana wa kinyozi wakimwita "madhee" na yeye akiwajibu "poa." Nikafungua mlango. Alikuwa amekonda, amevaa lile koti la blanketi. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, nami nikaukamata na ule mwingine, nikaurudisha nyuma ya mgongo, nikangoja.

Akavuka kizingiti. Akavua viatu. Hapo ndipo tuliposhikana, na sitasema nani alilia zaidi.

Akazitazama nyayo, za kutoka na za kuingia, akaweka mguu wake juu ya mmoja, akaucheka ule wa kushoto uliokuwa kulia. Halafu akakunja mikono ya koti, akaenda nyuma akachota maji, akarudi na ndoo na kitambaa. Nilipotaka kumpokea ndoo alinikataza kwa kichwa. Akapiga magoti, akaanza kupiga deki, kutoka kitandani kwake hadi mlangoni.

Mimi nikaketi kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, nikamtazama mpaka alipomaliza.