Kitambaa Chekundu Mguuni pa Bata

Ukisema Bunia kuwa wewe ni daktari wa mifugo, watu wanakuletea ng'ombe. Kahindo alichagua bata. Baba yake, kule Butembo, alipoelezwa alijikuna kichwa, akauliza kama ng'ombe wameisha Ituri.

Ilikuwa miaka ile bunduki zilikuwa zimenyamaza lakini hakuna aliyethubutu kusema vita vimekwisha. Ugonjwa ulipita Tchomia, ambako bata hushinda wakila matumbo ya samaki chini ya vichanja vya kukaushia. Walifumba macho wakiogopa mwanga, wakahara, wakafa. Wenyeji walisema wamelogwa. Kahindo alipeleka maini yao Kinshasa, jibu likarudi: ni virusi vya jamii ya hepesi, vya bata tu, mtu havimgusi.

Kilichomnasa ni tabia ya virusi hivyo kulala. Bata anayepona haponi kabisa. Virusi hujificha katika fundo la neva nyuma ya jicho, hufunga karibu jeni zake zote, huacha kutengeneza protini, hukaa kimya mpaka bata apatwe na njaa au hofu, ndipo huamka. Kahindo alitaka kujua ni jeni ipi inayobaki macho wakati nyingine zimelala, na inatengeneza nini. Swali hilo lilikuwa limekula ujana wake, na shahada yake ya uzamivu ilining'inia hapo. Alihitaji kichwa kibichi cha bata aliyepona, kifike Kinshasa kwa ndege kikiwa ndani ya barafu.

Waliopona walikuwa wachache. Alishawachinja mmoja mmoja, na mara zote ndege iliahirishwa, barafu ikayeyuka uwanjani. Akabaki dume mmoja mweupe, mwenye kiburi. Maabara haikuwa na ua, hivyo alimfuga nyumbani kwa mama mkwe wake, Geneviève, alikokuwa akiishi, akamfunga kitambaa chekundu mguuni ili kila mtu ajue huyu haguswi.

Geneviève alikiona kitambaa, akafurahi. Alimtupia bata yule bugali ya moto ambayo hata wajukuu walikuwa hawajaionja. Kahindo alishukuru moyoni: kumbe mama ameielewa sayansi. Hakuuliza, wala Geneviève hakuuliza. Katika nyumba ile, ndege akifungwa kitambaa mguuni ametengwa kwa ajili ya mgeni, na hakuna anayemgusa mpaka mgeni aje. Geneviève aliona mkwe wake amejifunza adabu ya nyumba bila kufundishwa.

Mgeni akaja. Alikuwa Ambroise, jirani wa zamani aliyekimbia na wanawe wakati wa vita. Nyumba yake ilichomwa, na Serge, mtoto wa Geneviève na shemeji wa Kahindo, alikuwa upande wa waliochoma. Serge alikwisha kufa. Ambroise alirudi, akajenga upya kiwanja kilekile, na tangu hapo alipita mbele ya ua wao bila salamu. Asubuhi ile alituma neno kwamba atakuja kukaa kidogo.

Kahindo alirudi mchana na sanduku la barafu mkononi, maana ndege ilikuwa ya kesho yake. Alikuta manyoya meupe uani na kichwa ndani ya beseni, bado kina joto.

"Mama, ule bata ilikuwa ya kazi yangu."

"Njo weye ulimufunga kitambaa," Geneviève alijibu, naye kweli alishangaa.

Kahindo akaliweka sanduku mlangoni. Akaomba kichwa tu, nyama yote ibaki. Mama mkwe akaweka kisu chini.

"Bata bila kichwa, Ambroise atawaza nini? Atasema tulimuwekea kitu mu chakula. Na ukimuambia bata iliugua, njo mubaya zaidi."

Mama mkwe alisema kweli. Mgeni huwekewa kichwa juu ya sahani ajue ndege alikuwa mzima, na amechinjwa kwa ajili yake. Tena watu wa mji ule walikuwa wamejifunza kuogopa sahani za majirani.

Kahindo angeweza kukichukua, hilo lazima lisemwe. Geneviève asingepigana naye. Alisimama pale, akamchukia Ambroise aliyekwisha kuketi sebuleni na kofia yake magotini, akamchukia Serge kaburini, akajichukia yeye mwenyewe aliyekaa miaka katika nyumba ile bila kuuliza kitambaa kina maana gani. Kisha akakishika kichwa kwa mkono wake, akakitia sufuriani, akafunika.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hawakusema ni mwenyeji yupi.

Mezani Ambroise alikitazama kichwa kwa muda mrefu. Geneviève hakugusa chakula, alikuwa akingoja. Mwishowe mgeni alikipasua, nusu akala, nusu akamsukumia Kahindo.

"Kula, docteur. Kila siku nilikuwa napita, naona ule bata na kitambaa yake. Nikajua kuna mugeni munangoja. Nikasema, labda ni miye."

Geneviève akainamisha uso, akalia bila sauti. Kahindo hakumsahihisha mtu. Alichukua nusu yake, akala mpaka nyuma ya jicho, pale kwenye fundo la neva. Lilikuwa laini, halina ladha yoyote. Mlangoni, sanduku la barafu lilikuwa limeanza kudondosha maji.