Mkasi wa Zenebech

Kwa Zenebech, ncha ya uzi inayoning'inia ni aibu ya nyumba nzima. Sisi mafundi wa nguo wa mtaa wa Shiro Meda tunamjua. Ukipita na shuka lenye kiuzi kimechomoza atakuita, atavua kimkasi chake shingoni na kukata kiuzi hicho huku akikusema. Yeye husokota pamba, mumewe Sorsa hufuma, na nguo haitoki mlangoni mwao kabla mkasi haujapita.

Mwaka jana alipasuliwa kifundo cha mkono kwa sababu ya ganzi. Alishonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Ncha zilizobaki nje alizikata kwa mkono wake, kidonda kikapona, nasi tukasimuliwa habari hiyo kwenye kila kikombe cha kahawa. Basi Sorsa naye akapasuliwa kwa maradhi yale yale, akarudi na nyuzi nyeusi ngumu zimemsimama kiganjani. Mke huyo angevumilia?

"Zinanasa kwenye gabi," Sorsa alinung'unika, akijivuta ndani ya shuka lake zito la pamba.

"Lete mkono."

"Sista kasema nirudi wiki ijayo azitoe."

"Wangu ulitolewa na nani? Lete mkono, acha woga."

Akakata fundo moja baada ya jingine, akapuliza, akasema sasa huo ndio mkono wa mtu.

Kesho yake Sorsa aliinua jagi la maji, kidonda kikaachama. Niliwasindikiza hospitalini. Sista Mihret, muuguzi wa vidonda, alifungua kitambaa akaguna.

"Nani kafanya hivi?"

Zenebech ana mdomo mwepesi, na siku hiyo ulimtangulia. "Kafuma kwa siri, Sista! Nilimkataza, hasikii. Zimekatika."

Sorsa alimtazama mkewe. Kisha akainamisha kichwa. "Kweli. Nilifuma."

Alikemewa pale mbele ya foleni nzima, mtu mzima na mvi zake. Zenebech akajitia kuuliza, "Lakini Sista, mbona wangu ulijiondokea tu?"

"Wako ulikuwa wa kuyeyuka, mama. Huu ni nailoni, hauyeyuki. Zote mbili zinafunga sawasawa. Tofauti ni kwamba wako unajiondokea, wake unatungoja sisi. Ukikatika mapema, ngozi haijashikana bado."

Nikaona uso wa Zenebech unabadilika rangi. Hapo angesema. Badala yake akakitumbukiza kimkasi ndani ya gauni.

Kidonda kikatunga usaha, kikachukua majira yote ya mvua. Kilipofunga, vidole viwili vya Sorsa havikukunjika tena vizuri, naye alikuwa amemwahidi mama yake gabi mpya ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, tunaporudi sote kijijini kwetu Dorze. Alifuma polepole, akiangusha kibao cha kupitishia uzi na kukiokota, huku mkewe akikaa kando bila kuthubutu hata kumpa pole. Mwanamke yule aliyekuwa hanyamazi alikonda kwa kunyamaza.

Asubuhi ya safari Sorsa alimtupia gabi. "Kata ncha upesi, tusije tukaachwa na basi."

Zenebech alivua mkasi, kisha akaurudisha shingoni. "Siwezi. Nilikusingizia mbele za watu, Sorsa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mkono niliuleta mwenyewe. Kata, mwanamke!"

Hakuweza. Tukasafiri na gabi ile hivyo hivyo, nyuzi zikining'inia kama ndevu za beberu, mimi nikiona haya kwa niaba yao.

Kule nyumbani, mbele ya ukoo wote, mama mkwe aliipokea, akaibusu, kisha akazishika zile ncha. Alicheka.

"Zenebech, mwanangu! Siku hizi huna mkasi?"

Watu wakaangua kicheko. Zenebech hakucheka.

"Ninao, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Ndio nilioukatia mkono wa mwanao."

Kicheko kikafa. Bibi kizee akageuka kumtafuta mwanawe, na Sorsa alikuwa ameshavificha vile vidole viwili chini ya shuka lake.