Pikipiki Iliyokoroma

Pikipiki yangu ya mbio imenipeleka kazini Maplewood, huku ughaibuni, miaka sita, haijanigomea hata siku moja. Niliinunua kwa mjane. Kwetu Kongo chombo cha marehemu kinaogopwa, lakini macho yangu, jamani, yalishaipenda.

Baridi ilipoingia nikaifunika turubai gerejini. Asubuhi moja nikasikia inakoroma. Nikagusa kiti juu ya turubai: kina joto, kama mtu amekikalia. Nikajua marehemu mwenye pikipiki amerudi.

Nikaita wamama wa maombi. Wakishindwa, ningeitupa, na moyo uliniuma. Tukakemea pepo mpaka sauti zikakauka. Ghafla turubai likatikisika lenyewe. Wa kwanza kukimbia ni mimi.

Mama Furaha, kiongozi wao, akalifunua.

"Papa Yosefu, rudi," akaniita. "Pepo wako ni paka, na ananyonyesha."